Kataa Neno, Usikatae Wito

Katika maneno yote yatumiwayo kuwanyamazisha madaktari wanapodai haki yao, hapana litumiwalo mara nyingi kuliko neno wito. Kazi ya udaktari, husemwa, ni wito. Aliyeitwa hapatani bei. Na kwa hivyo daktari agomaye ameikana kazi yake kama mcha Mungu aliyeikana dini yake. Hoja hii ni fupi, ina sauti nzuri, na humpendeza kila mtu asiyelazimika kuishi kwayo. Walakini yafaa ipimwe, maana neno likisemwa sana bila ya kupimwa huishia kuwa hirizi: huvaliwa shingoni, wala halisomwi.

Wito hutokana na kuita. Pasipo mwitaji hapana wito, na mwitaji naye ana wajibu wake. Amwitaye mtu shambani humwonyesha jembe. Amwitaye mgeni humwandalia. Wahenga walikwisha kulipambanua jambo hili waliposema: Kataa neno, usikatae wito. Maana yake ni kwamba uitwapo yakupasa kwenda na kusikiliza. Lakini ukisha kusikia, neno lenyewe waweza kulipokea au kulirudisha. Watu walitumiao neno wito kumfunga daktari mdomo wameikata methali hii katikati. Wamechukua nusu imwajibishayo mwitwa, wakaitupa nusu impayo uhuru.

Hata wale ambao wito wao hauna shaka hawaishi kwa upepo. Kusini mwa Tanzania watu wamewazoea watawa wa Kibenediktini wa Ndanda, ambao hospitali yao imewapokea wagonjwa wa vizazi vingi kutoka Masasi, Nachingwea na Ruangwa. Mtawa hapokei mshahara, ni kweli. Lakini ana chumba, ana meza iliyoandaliwa, ana nguo, ana ndugu wa kumuuguza aumwapo na wa kumtunza azeekapo. Shirika lililomwita limebeba gharama ya wito wake. Mtu atakaye daktari wa serikali afanye kazi kwa moyo wa mtawa, na ajenge kwanza nyumba ya watawa.

Mambo ya mwaka 2012 yanajulikana, ila utaratibu wake husahauliwa. Mwanzoni mwa Januari mwaka huo madaktari waliokuwa katika mafunzo kwa vitendo katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili waliacha kazi kwa sababu posho yao ilikuwa imechelewa. Hawakuanza kwa kudai nyongeza; walianza kwa kudai kilichokwisha kuahidiwa. Kisha wakaondolewa Muhimbili na kuamriwa waende kuripoti kwingineko. Hapo wakubwa wao wakaingia, na deni la wachache likawa mgomo wa nchi. Wagonjwa wakarudishwa nyumbani, madaktari wa jeshi wakapelekwa wodini. Mwishoni mwa Januari Waziri Mkuu, Mizengo Pinda, aliwaita madaktari katika ukumbi wa Karimjee, nao hawakwenda. Akawaamuru warudi kazini au wajihesabu kuwa wameacha kazi. Februari 9 alikwenda mwenyewe Muhimbili, na Katibu Mkuu wa Wizara ya Afya pamoja na Mganga Mkuu wa Serikali wakasimamishwa kazi. Machi mgomo ulirejea kwa siku chache, madaktari wakitaka waziri na naibu wake waondoke. Mei baraza la mawaziri lilibadilishwa, na Dk. Hussein Mwinyi akakabidhiwa wizara. Juni mgomo ukaanza mara ya tatu, na Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ikaamuru usitishwe.

Mtu ayasomaye mambo haya kwa utulivu haoni vita vya watu waovu na watu wema. Aonacho ni deni dogo lililoachwa likazaa. Dawa ya deni ni kulipa, wala si kumhamisha mdai.

Lugha yenyewe yatoa ushahidi. Neno mshahara lilitoka katika Kiarabu, na ndani yake mna mwezi: ni malipo ya mwezi, yafuatayo mwezi. Malipo yaliyovuka mwezi wake, hata yakiwa na tarakimu zile zile, yamekwisha kupoteza jina. Neno posho nalo lina historia yake. Zamani za misafara na mashamba ya mkonge, posho ilikuwa kibaba cha unga au cha mchele alichopimiwa mpagazi na kibarua ili aweze kusimama kesho yake. Msimamizi aliyekuwa mkali kupita wote alijua kwamba posho haicheleweshwi, kwa maana mzigo hauchukuliwi na mtu mwenye njaa. Ajabu ni kwamba jambo lililokuwa wazi kwa mnyapara wa mkonge halikuwa wazi kwa ofisi yenye wahasibu na magari.

Hapa atasimama mpinzani na kusema: mkulima wa Chiola hupata kiasi gani kwa mwaka? Daktari aanzaye kazi mwaka 2012 alilipwa shilingi 957,700 kwa mwezi, akadai alipwe 3,500,000. Je, si fedheha kwa msomi aliyesomeshwa kwa jasho la maskini kudai fungu kubwa namna hiyo? Swali hili ni zito, na haifai kulipuuza. Tena si swali geni. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana mjini Dar es Salaam kuipinga sheria ya Jeshi la Kujenga Taifa, wakilalamika kwamba wangelipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wao katika muda wa utumishi huo. Mwalimu Nyerere aliwakasirikia, akawafukuza wapatao 400. Lakini siku hiyo hiyo alifanya jambo la pili ambalo hutajwa kwa sauti ya chini kuliko la kwanza: alitangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Akubaliwe au asikubaliwe, alikuwa ameipata haki ya kusema alilolisema.

Sasa na utazamwe mwaka wa mgomo wa madaktari. Mwishoni mwa 2011 nchi ilisikia kwamba posho ya kikao ya wabunge ilikuwa inapandishwa kutoka shilingi 70,000 hadi 200,000 kwa siku, na zogo kubwa likazuka. Mpagazi wa zamani angeshangaa kuliona neno lake limevaa suti. Wiki chache baadaye daktari kijana wa Muhimbili akaambiwa asubiri posho yake, kwa kuwa yeye ana wito. Kumbe mbunge hana wito? Hakuitwa na wananchi kwa kura? Ikiwa kujitolea ni sheria ya nchi, na ianzie mahali palipo juu, kama ilivyoanzia mwaka 1966. Ikiwa si sheria ya nchi, isiwe sheria ya wodi peke yake.

Mpinzani wa pili ni mwanasheria, na hoja yake ina nguvu zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imezitaja huduma za afya miongoni mwa huduma za lazima, pamoja na maji, umeme, zimamoto na uongozaji wa ndege, na imewakataza wafanyakazi wake kugoma. Katazo hilo halina ubaya. Jamii haiwezi kukubali kwamba mtoto afe ili hesabu ya fedha ikae sawa. Lakini haki ya kugoma ni mali ya mfanyakazi, kama shamba lilivyo mali ya mkulima. Serikali ikilichukua shamba ili ipitishe barabara, hulipa fidia. Isipolipa, watu huita dhuluma. Fidia ya mtu aliyenyang'anywa mgomo ni baraza la uamuzi lisilo la bwana wala la mtumishi, liamualo upesi, na ambalo uamuzi wake humshika bwana kama umshikavyo mtumishi. Sheria yenyewe imeuelekeza mgogoro wa watu wa huduma za lazima kwenye usuluhishi na uamuzi. Tena imeacha mlango: waweza kugoma ikiwa yako mapatano ya pamoja yanayoweka kiasi cha huduma kitakachoendelea wakati wa mgomo, na mapatano hayo yameidhinishwa na Kamati ya Huduma za Lazima. Mapatano ya namna hiyo ndiyo yangalipasa kuwekwa mezani kabla ya neno jingine lolote. Badala yake kilichosikika zaidi kwa upande mmoja ni amri, na kwa upande mwingine ni siku ya mwisho ya onyo.

Watu wa Nachingwea na Ruangwa hawahitaji kufundishwa maana ya kugoma. Oktoba 2018 wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi waliikataa bei ya minada. Korosho zilikuwa zimevunwa, madeni ya pembejeo yalikuwa yakisubiri, watoto walikuwa wakidaiwa sare za shule. Hata hivyo wakasema, kwa bei hiyo hatuuzi. Hakutokea mtu wa kuwaambia kwamba kilimo ni wito. Serikali yenyewe ilisimama upande wao. Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba korosho zote zitanunuliwa kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likatumwa kuzisomba. Kisha malipo yakachelewa, na wengi wakaingia mwaka 2019 mikono mitupu. Hivyo mkulima wa Chiola ameyajua yote mawili: uzuri wa kuikataa bei mbaya, na uchungu wa bei nzuri isiyofika. Kati ya watu wote wa nchi hii, yeye ndiye awezaye kumwelewa daktari kijana pasipo mkalimani.

Lakini yeye pia ndiye mwenye haki ya kumuuliza daktari swali ambalo waziri hana uso wa kuliuliza. Korosho, atasema, hungoja ghalani. Ikikataliwa bei leo, kesho ingali korosho. Uchungu wa uzazi haungoji, wala malaria iliyompanda mtoto kichwani haisomi tangazo la mgomo. Mimi nilipogoma, niliyemnyima ni mnunuzi mwenye fedha. Wewe unapogoma, unayemnyima ni nani? Waziri akiugua, ndege ipo. Mbunge akiugua, barua ipo. Abakiaye mlangoni ni yule ambaye hakuandika bajeti, hakuchelewesha posho, wala hakualikwa Karimjee. Wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi, na haitoshi kwa tembo mmojawapo kusema kwamba haki ilikuwa upande wake.

Hapa ndipo Chiola inapostahili kuwekwa katikati ya maneno haya, wala si pembeni kama mapambo. Kwa mpangilio wa siku nyingi, mgonjwa wa kijijini huanzia zahanati, ambako hukutana na tabibu au muuguzi; daktari mwenye shahada, kwa kawaida, humngojea mbele zaidi, hasa katika hospitali ya wilaya; na juu ya hapo iko ya mkoa, Sokoine ya Lindi, na mwisho kabisa Muhimbili. Kila ngazi ina nauli yake, na masika barabara ya udongo huongeza ngazi nyingine isiyoandikwa katika sera. Mwaka 2012 magazeti yalihesabu siku ambazo Muhimbili ilikaa bila madaktari. Hapana gazeti lililohesabu siku ambazo vijiji vya Nachingwea vimekaa bila daktari tangu uhuru wa 1961. Huo nao ni mgomo, ingawa haukutangazwa, haukupelekwa mahakamani, na hapana aliyetishiwa kufukuzwa kwa ajili yake. Mgomaji wake ni utaratibu mzima upelekao madaktari wengi mahali penye lami, ukawaacha wengine na ramani.

Katika orodha ya madai ya madaktari palikuwa na fungu moja lililomhusu mkulima wa Chiola moja kwa moja: posho ya kufanya kazi katika mazingira magumu, iliyodaiwa iwe asilimia 40 ya mshahara. Hilo ndilo dai ambalo lingaliweza kumtoa daktari Dar es Salaam na kumfikisha Nachingwea, akakaa zaidi ya mwaka mmoja. Lingalitangulizwa, lingalipata watetezi katika kila kijiji cha kusini. Lakini lilizama. Lililoelea juu ni ile 3,500,000, nayo ilikuwa tarakimu rahisi kupigwa mawe. Serikali ikaishika, ikaionyesha kwa watu maskini, ikasema: tazameni tamaa yao. Katika hotuba yake ya mwisho wa Juni, Rais Kikwete alieleza kwamba serikali haina uwezo wa kulipa kiasi hicho, na kwamba asiyeweza kufanya kazi bila ya kulipwa hivyo yu huru kuacha. Madaktari walikuwa na hoja njema wakaitanguliza kwa mguu mbovu. Mtu asomaye miaka mingi jinsi ya kupapasa mahali panapouma hakustahili kukosa kujua mahali nchi yake iumiapo.

Kosa lao jingine ni lile la Januari. Walipoitwa Karimjee hawakwenda. Pengine walikuwa na sababu zao. Lakini wahenga hawakusema kataa neno na wito pia. Mwenye haki hapotezi kitu kwa kwenda kuisema.

Ikiwa makosa ya madaktari yametajwa, na litajwe pia lile lisilokuwa na mizani. Usiku wa Juni 26, 2012, Dk. Stephen Ulimboka, aliyekuwa mwenyekiti wa Jumuiya ya Madaktari, alitekwa. Siku ya pili yake alikutwa katika msitu wa Mabwepande, amepigwa na kujeruhiwa vibaya, na ikabidi apelekwe nje ya nchi kutibiwa. Siku hiyo swali la mshahara lilikoma kuwa swali la mshahara. Mwaka huo huo madaktari wa mafunzo kwa vitendo wapatao mamia walisimamishwa na Baraza la Madaktari. Mgomo ulikufa, na wengi walifurahi kwamba amani imerudi. Lakini kunyamaza kwa mtu aliyeogopa hakufanani na kuridhika. Hospitali yenye madaktari walionyamaza hivyo hufanana na mtungi uliopasuka chini: ukiutazama kwa juu ni mzima.

Na isidhaniwe kwamba jambo hili ni la Tanzania pekee. Nchini Kenya madaktari walitia saini mapatano na serikali mwaka 2013. Mapatano yakalala kabatini, na matokeo yake ni mgomo wa siku 100, tangu Desemba 2016 hadi Machi 2017, ambamo viongozi wa chama chao walitiwa gerezani kwa kuidharau mahakama. Mapatano mapya ya 2017 yaliweka malipo ya daktari wa mafunzo kuwa shilingi za Kenya 206,400 kwa mwezi. Mwaka 2024 serikali ikasema italipa 70,000. Mgomo ukarudi, ukachukua siku 56. Ahadi ni deni, na serikali ivunjayo ahadi iliyotiwa saini huwafundisha watumishi wake kwamba saini haina thamani ila ikisindikizwa na mgomo. Kisha huwalaumu kwa kulishika somo.

Imebaki hoja ya mwisho, ambayo ni kubwa kuliko zote: fedha hakuna. Kwa mtu wa Nachingwea hoja hii ina kichekesho chake. Katika nchi hiyo hiyo, baada ya vita vya pili vya dunia, Waingereza walileta matrekta na kujenga reli ili walime karanga. Mpango ule ulianguka mwaka 1951, na zaidi ya pauni milioni 36 zikafutwa katika vitabu vya serikali yao. Reli yenyewe haikuchukua miaka mingi, ikang'olewa. Fedha ilipatikana kwa ajili ya karanga zisizoota. Wakoloni wamekwenda zao, na makosa yao si deni la serikali huru. Lakini funzo ni la wote. Kila zama hupata fedha ya jambo ilithaminilo, na neno hakuna mara nyingi ni ufupi wa maneno si kwa ajili yenu. Mwaka 2001, mjini Abuja, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kuipa afya asilimia 15 ya bajeti zao. Katika mwaka wa mgomo Tanzania ilikuwa chini ya kipimo hicho ilichokitia saini yenyewe. Daktari aliyeidai serikali hakuwa akiidai zaidi ya ilivyojidai.

Basi yapasa yasemwe wazi. Malipo ya daktari wa mafunzo na yalipwe ndani ya mwezi wake, na achelewaye kuyalipa ndiye aadhibiwe, si adaiye. Katazo la mgomo na liendelee, lakini liambatane na baraza la uamuzi lenye nguvu juu ya hazina kama lilivyo na nguvu juu ya wodi. Lisipokuwapo, katazo ni unyang'anyi uliopigwa muhuri. Mapatano ya huduma za lazima na yaandikwe wakati wa amani, kwa maana kamba ya kuokolea haisukwi mtu akizama. Na madai ya madaktari yatakayokuja, kwa kuwa yatakuja, yaanze na posho ya yule atakayekubali kukaa Chiola, ndipo yapande kuelekea Dar es Salaam. Daktari atakayedai kwa utaratibu huo hatakuwa peke yake barabarani. Atakuwa na wakulima nyuma yake, nao ni wengi kuliko polisi.

Methali ile ielekezwe mwisho kwa wale ambao haikuelekezwa kwao. Madaktari wameambiwa mara nyingi kwamba wameitwa. Serikali nayo imeitwa. Mama mjamzito abebwaye juu ya pikipiki kutoka Chiola usiku wa masika anaita, na amekuwa akiita tangu kabla ya mgomo wa kwanza. Wizara ikiwa haina fedha ya kutosha, na ilikatae neno na kulieleza sababu mbele ya watu. Wito wake hauna ruhusa ya kuukataa.